Wembe

Barua ya kwanza ilifika imetobolewa.
Tulidhani ni panya wa meli, kule Rhino Camp,
lakini panya hajui pembe nne.
"Mama, sisi hatujambo. Tupo" — tundu —
"mvua ni nyingi kuliko" — tundu —
"na Dramadri wa ng'ambo ya kijito" — tundu refu.
"Wasalimie ng'ombe."

Msomaji nilikuwa mimi. Miaka kumi na mitatu,
herufi nimepewa na katekista,
Kiswahili nimekiokota sokoni Arua
kwa watoto wa Kinubi, pamoja na matusi yake.
Kaka yangu Ezaruku alikipata jeshini.
Mtoto wa tumbo moja nami
akaniandikia kwa lugha ambayo sote wawili hatukuinyonya,
na Mama anangoja nigeuze.
Niligeuza polepole, kama mwenye mtungi kichwani
anayetafuta jiwe la kukanyaga.
Matundu sikujua kuyageuza.

Mama akaiinua karatasi juani.
Katika tundu moja akaona ghala,
katika la pili, kuku.
"Nani amekata?"
"Afisa wao. Yeye husoma kwanza."
"Maneno ya mwanangu kwangu?"
"Ndiyo."
"Na jina langu halijui."

Mama yake Dramadri akawa anakuja jioni.
Mwanawe hakuandika; hakujua.
Nilimwonyesha jina lilipo
naye akaweka kidole hapo, ukingoni mwa tundu,
akanywa uji wake, akarudi kwake.

Msimu wa kupalilia tumbaku, Baba akafa.
Homa ya siku tatu, shingo ngumu kama gogo.
Katekista alisema: msimwandikie,
askari mwenye msiba hulenga vibaya.
Baba mdogo alisema: mwandikieni,
nani atamficha mtu kaburi la kwao?
Mama hakusema. Asubuhi akaja na wembe wa marehemu,
ule wa ndevu, kutu pembeni.
"Andika: baba yako amekufa."
Nikaandika.
"Andika: tumemlaza upande wa mawio,
karibu na jiwe lake la kunolea."
Nikaandika.
"Sasa kata."
"Nikate?"
"Wao wakikata, sisi tunajua kuna jambo.
Naye ajue kuna jambo. Ukubwa wake atajipimia."

Nikakata. Wembe ukapita hadi kwenye mkeka;
alama ile ipo mpaka leo.
Mama akakikunja kipande, akakilaza chini ya jiwe la kusagia.
Barua ikaendelea kana kwamba haijajeruhiwa:
tumbaku imekubali, ndama mweupe ameota pembe,
Candiru dada yako amekuwa na kiburi.

Alirudi mwaka wa arobaini na sita, kwa lori,
amevaa koti zito jua la saa saba.
Kabla ya maji akatoa mkebe wa sigara,
ndani yake barua yetu, laini kama kitambaa.
Akapitisha kidole gumba tunduni.
"Ng'ombe akifa ni neno moja.
Ghala likiungua ni maneno mawili.
Mstari mmoja na nusu," alisema, "ni Baba."

Mama akainua jiwe. Mchwa walikwisha kusoma.
Limebaki neno moja: "mawio".
Akalitazama, akalitazama jua,
akaenda mwenyewe, hakuuliza njia.

Usiku nikamtandikia barua zake, kumi na moja,
nikampa kalamu. "Nijazie."
Tundu la kwanza akaandika chini yake: Chindwini. Ni mto.
La pili: machozi. Akalifuta. Akaandika: ya kwetu.
Akafika kwa Dramadri.
Nje tulisikia miguu ya mama yake ikivuka kijito,
saa yake ileile, na kibuyu chake.
Kaka akaifunika kalamu.
"Hapa," alisema,
"yule afisa alikata vizuri."