Punda wa Maskati

Bibi yangu Shinuna alimwita hivyo, kule Unguja:
punda wa Maskati. Si kihongwe, mwanangu,
usije ukanitia aibu mbele za watu.
Mweupe bafta, kimo chake kifuani kwa mtu mzima,
singa za shingo zimekolea hina kama za bibi harusi.
Jumamosi hadi Alhamisi yu katika gari la mawe ya chokaa,
au pipa la maji, au karafuu za watu;
Ijumaa hutandikwa zulia, akawa farasi wa babu,
maana farasi wenyewe, alisema, wakiletwa wakifa,
na babu hakuwa mtu wa kuzika pesa.

Nimefika Ibra na jina hilo kinywani.
Sokoni wakacheka: Maskati? Maskati kuna magari.
Muhenna bin Zahran, mwenye wa mwisho huku Alaya,
akampiga kofi la mapenzi mgongoni:
"Huyu ni wa Hasa. Bibi wa bibi yake
alinunuliwa huko kwa magunia saba ya tende
na bunduki isiyofyatuka."

Nikampigia simu binamu yangu aliyeolewa Hasa.
Akaenda kuuliza, akarudi, nyuma yake sufuria zinalia:
"Hapa wanasema punda tu."

Basi. Nikakaa ukingoni mwa falaji.
Unguja tuliitwa Wamanga.
Huku, kitambulisho mfukoni,
babu zangu sita wamelala ng'ambo ya wadi,
naitwa Mzinjibari.
Sijafika bado mahali pa kuitwa mtu tu.

Wanasema shukrani ya punda ni mateke.
Nilitazama begani, pale kamba ilipokula manyoya meupe
ikaacha ngozi nyeusi, ngumu kama soli,
nikajiuliza nani alianza.

Kazi yake sasa ni makuti makavu na mbolea,
katika vichochoro ambavyo pikapu ya Muhenna haipiti.
Tulimfuata nyuma. Penye kona nyembamba,
sijui nini kilinipata, nikapaza sauti:
"Simile! Simile!"
kama wenye magari ya punda wa Darajani.

Mlango wa buluu ukafunguka upana wa kidole.
"Nani huyo wa Unguja?"

Nilisimama.
Punda hakusimama; alikuwa na mzigo.