Zamu ya Maji, Jengo la Jivraj

Niliitwa kuziba.
Wakili Mselle wa ghorofa ya pili alipiga simu asubuhi:
dari yangu inalia juu ya mafaili ya watu.
Nikachukua spana, uzi wa katani, gundi ya bomba,
nikapanda ngazi za Jengo la Jivraj
lililoandikwa 1958 kwa saruji juu ya mlango;
nane imemeguka, siku hizi linasomeka 1953.

Maji hayadanganyi. Ukitaka kujua yametoka wapi
yafuate kinyumenyume, kwa kidole, ukutani.
Kidole kikanipeleka ghorofa ya tatu,
kwenye iliyokuwa stoo ya vitambaa,
nikasukuma mlango
nikajikuta nimeingia shambani.

Mnafu. Mchicha. Figili. Majani ya maboga
yametambaa kwenye nondo za dirisha,
wafungwa wasio na haraka ya kutoka.
Bomba za inchi nne, zile zile ninazozika chini ya vyoo,
zimelazwa ukutani safu juu ya safu,
zimetobolewa, na kila tundu lina mdomo wa kijani.

"Usikanyage miche," akasema mtu nyuma ya majani.
Mama Anansia, miaka sitini na ushei,
khanga kiunoni, mkasi mfukoni mwa sweta.
Kihamba cha baba mkwe wake, Kibosho,
kiligawanywa kwa wana watano, kisha kwa wana wa wana,
hadi fungu lake likawa "upana wa kaburi, mwanangu,
na kaburi lenyewe lilishakuwemo."
Akashuka Moshi mjini na mbegu kwenye leso.

Nikamuuliza uzito: sakafu ya zamani hii, na udongo mbichi?
Akacheka. Akaniwekea kiganjani
pumba za kahawa kutoka kiwandani,
nyepesi kama uongo wa mtoto.
"Udongo humu hujazi hata kijiko.
Na huku kupanda juu kwa juu unakokushangaa,
babu yangu alifundishwa na nani?
Mgomba juu, kahawa chini yake,
magimbi chini ya kahawa, maharage pembeni,
na kuku chini ya vyote.
Sisi tulikuwa na ghorofa kabla ya saruji."

Maji yake huanzia kwenye tangi la paani,
hushuka safu kwa safu, mfongo wa plastiki,
na mfongo haukosi zamu. Kaziandika kwa chaki mlangoni:
Alfajiri, mnafu.
Saa nne, figili.
Alasiri, maboga.
Ya jioni hayakuwa na jina.
Hayo ndiyo yaliyokuwa yakienda kwa wakili.

Kuziba ni kazi ya dakika kumi.
Nilishafungua gundi
nilipomwona akichuma jani la isale
kwenye kopo la rangi pale kizingitini,
akalipiga fundo, akashuka nalo ngazi,
goti moja, kisha la pili, akipumzika kila baada ya vidato vitatu,
akalifunga kwenye kitasa cha Mselle.

Notisi ilikuwa imeshachapwa. Niliiona, ina muhuri.
Wakili akafungua mlango, akaliona jani,
akasimama.
Zipo kesi ambazo mtu wa mlimani
hawezi kuzifungua isale ikiwa mbele yake.
Akavua miwani, akaipangusa kwa tai,
akauliza, si kwa sauti ya mahakamani:
"Hayo maji ya jioni, yana mwenyewe?"

Basi sikuziba.
Nilitoboa dari pale pale ilipokuwa ikilia,
nikapitisha bomba la nusu inchi, nikafunga koki,
na chini ya dirisha lake, lilipokuwa kabati la mafaili ya zamani,
nikalaza safu mbili.

Chaki mlangoni imeongezewa mstari:
Jioni, wakili.

Nililipwa nusu fedha, nusu mnafu.
Mke wangu alizihesabu fedha, akanuna.
Akapika mnafu, akala, akakomba sufuria,
kisha akauliza, kama anayeulizia hali ya hewa,
ni lini tena
bomba litapasuka pale kwa Jivraj.