Kitufe cha Theluji

Gari jipya la wilaya limekuja na kitufe cha duara
chenye picha: mchanga, tope, mawe,
na nyota ya ncha sita ambayo kijana wa kampuni
aliiita theluji, akacheka peke yake.
Juu kabisa, herufi moja.
"Ukiweka hapa, mzee, usiguse kitu.
Linajisomea ardhi lenyewe."

Linajisomea.
Mimi nilisomeshwa na Chidumizi, dereva wa idara ya maji,
kwa bua la uwele na matusi:
shuka, vua kiatu, kanyaga.
Udongo ukikung'ang'ania kidole, gia ya chini kabla hujaingia;
ukikuachia upesi, usiuamini.
Mchanga wa korongo, alisema, hula rushwa:
toa upepo kidogo kwenye tairi, utakuachia njia.
Mbuga nyeusi haili kitu.

Januari tukapakia chanjo.
Yaledi, muuguzi, boksi la barafu magotini,
tukaiacha lami pale Bahi, tukashika njia ya Chali.
Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha.
Mbuga imelala, inang'aa kama sufuria lenye mafuta.
Nikasimama. Mkono ukaenda wenyewe kwenye gia,
mahali ambapo gia haipo tena.

Basi nikaliacha.
Likaingia.
Nikalisikia chini ya nyayo zangu tairi la nyuma kushoto likiteleza,
na kabla sijasema la, limeshikwa,
nguvu imehamia upande wenye kushika,
trrr, trrr, kama kuku achakuraye jalalani.
Mita mia nne.
Yaledi alikuwa akijibu ujumbe kwenye simu.
Hakuinua hata macho.

Boksi lilifika na baridi yake. Watoto walilia kwa zamu.
Nami nikazunguka nyuma ya zahanati
nikanawa uso, mara mbili.

Maana palepale, mwaka wa mvua kubwa,
penye mgunga uliokatika tawi,
nilikuwa na Nyemo nyuma ya Landrova,
uchungu umemshika tangu alfajiri.
Nilivua kiatu. Nilikanyaga.
Nilichagua kulia.
Tulichimba kwa sufuria, kwa mikono,
kwa mlango tulioung'oa;
Sogodi, mumewe, alitandika kanga zake zote mbili chini ya tairi
na tairi likazila.
Saa tisa usiku
hapakuwa tena na haja ya kuharakisha.

Miaka yote hii nimejiambia: lilikuwa tope, hukuwa wewe.
Hakuna ambaye angepita.
Sasa limepita. Dakika sita, kiyoyozi kikivuma.

Silaumu gari. Chuma hakina kosa la kuchelewa kuzaliwa.
Ila usiku ule nilirudi gereji, nikaketi gizani mbele ya usukani,
nikaliuliza: wewe ungeshika kushoto?
Kioo kikawaka,
kikaniambia nifunge mkanda.

Agosti mbuga imekauka, chumvi imepanda juu,
nyeupe mpaka macho yanauma.
Watu wanaikwangua kwa vipande vya vibuyu.
Mmoja akanisimamisha, viroba viwili begani, ndevu zimeingia mvi.
Sogodi.
Nikamfungulia mlango wa mbele.
Hatukusalimiana sana.

Akakitazama kitufe muda mrefu.
"Hii nyota?"
"Theluji."
"Ndiyo nini?"
Nikafikiri.
"Ni maji," nikasema, "ya nchi za watu. Yanaanguka meupe,
yanalala juu ya ardhi, kama hivi."
"Hayafanyi tope?"
Ningeweza kumwambia kweli, kwamba huyeyuka,
kwamba kila maji mwisho wake ni tope.
"Hayafanyi," nikasema.

Mgunga ukatupita upande wake, na kovu lake la tawi.
Hakugeuka. Alikuwa akiangalia mbele,
weupe wote ule.

"Weka hiyo," akasema.