Moto wa Zabibu

Ubao niliukata mwenyewe, kipande cha plaiwudi
kilichobaki kwenye kabati la mteja asiyerudi.
Nikachora barabara kwa kalamu ya seremala:
inajikunja, inajinyoosha, inarudi ilikoanzia
kama mtu aliyesahau funguo.
Kona sita, kila moja na namba yake na jina:
ya Mnadani, ya Reli, ya Mama Lishe,
na ile mbaya kuliko zote, namba mbili tu,
nimeiita Sekenke. Aliyewahi kuushuka mlima ule
haulizi kwa nini.

Magari ni vizibo vya soda.
Gia ya kwanza karata moja, gia ya nne karata nne,
jumla yake ndiyo mwendo wako.
Ukiizidi namba ya kona, injini inapata moto,
na moto, kwa kuwa ni Agosti na zabibu ni bei chee,
tunauhesabu kwa zabibu.
Ikikaa kwenye kisahani chako ni joto.
Huruhusiwi kuila
mpaka urudi gia ya kwanza, utulie, upoe.
Zikifika saba, gari limekufa.

Jumamosi jioni, Nkuhungu. Upepo unapekua karata
kama trafiki anayetafuta kosa.
Tunazikandamiza kwa kokoto.

Ntandu wa ofisi ya ardhi hucheza na penseli sikioni,
anaupima ubao kama kiwanja chenye kesi.
Chilewa wa bodaboda, gia ya kwanza kwake
"ni ya kuegeshea."
Binti yangu Mbeho, miaka saba,
anajitafutia moto makusudi, apoe, ale.
Yuko nyuma ya wote na ameshiba.

Sechelela hajawahi kushika usukani.
Alikuja kuniletea suruali,
akasimama mlangoni, akauliza
kizibo cha kijani ni cha nani.
Hakikuwa cha mtu.
Miaka kumi na tisa mguu wake uko kwenye pedeli ya cherehani;
anajua kola haikimbiliwi,
ukifika kwenye mviringo unalegeza kisigino,
unaacha kitambaa kigeuke chenyewe,
ndipo unakanyaga.

Leo Chilewa anaongoza tangu Mnadani.
Mzunguko wa mwisho. Zabibu sita kisahanini,
nyeusi, zimevimba kama vifundo vya ngumi.
Sekenke hiyo mbele.
Ntandu ameacha kuandika.
Hata Mbeho anajua la kufanya: shuka gia, kula, subiri.
Chilewa akatutazama mmoja mmoja
kama abiria wa kwenye kioo cha pembeni,
akatupa nne.

Kumi na tisa.

Hakuna aliyecheka mara moja.
Kizibo chekundu tukakilaza chali ukingoni,
na Mbeho akauliza kama dereva amepona.
"Amepona," Chilewa akasema. "Ana njaa tu."
Akazila zote saba. Gari lililokufa halina sheria.

Sechelela hakuinua macho.
Gia ya kwanza. Karata moja, namba mbili,
aliyoitunza tangu mwanzo
kama pini katikati ya midomo.
(Ntandu alikuwa ameandika kwamba ninayo mimi.)
Akaipinda Sekenke
jinsi anavyopinda suruali, bila mshono kuonekana,
na baada ya hapo ilikuwa barabara nyoofu,
pedeli hadi chini.

Mimi, mwenye ubao, nilimshinda mtoto, basi.

Tukakunja. Taa ya koridoni ikaungua.
Chilewa akatoka, tukasikia pikipiki inawaka,
na bila kupatana wote tukanyamaza kuisikiliza,
maana huwa anaondoka hapa kama anayefukuzwa.

Ya kwanza.
Bado ya kwanza, hadi duka la dawa,
kwenye ile kona yenye mchanga.

Halafu, taratibu, ya pili.