Gigabaiti Ishirini

Fundi Lumadede amesema kwa simu kutoka Kisumu:
kabla mfumo mpya haujaingia, fagia nyumba.
Nimefagia. Nimefungua tumbo la mashine kwa bisibisi,
nikapuliza vumbi jekundu la Chavakali, la miaka tisa,
na mende mmoja aliyefia kazini.

Nywila nimeziandika nyuma ya daftari la madeni.
Diski ya nje nimeinunua kwa karo ya muhula wa pili;
itarudi, Mungu akipenda na wateja wakilipa.
Lakini kiwambo kinasema nafasi haitoshi.
Kinataka gigabaiti ishirini. Nina nne.

Basi ni usiku, mlango nusu,
malori ya majani chai yanapanda kwenda Mudete,
nami nauliza faili moja moja: wewe ni la nini?

Mikataba ya mashamba, hamsini kwa mia,
shahidi wa nne alitia kidole. Kaa.
Barua za Enos Chagala za kuomba kazi, mia moja na sita,
kinachobadilika ni jina la kampuni tu,
ila kuanzia ya tisini ameondoa neno "mchangamfu".
Kaa, Enos.
Picha za harusi ya watu ambao hadi leo hawajalipa.
Futa!
Nafuta kwa raha zangu, kisha nazirudisha:
bibi harusi amefumba macho katika zote.

Halafu folda ya MAREHEMU.
Alizaliwa, akasoma, akaokoka, akaugua kwa ujasiri.
Nilikuwa nanakili wa jana na kubadilisha jina,
na siku moja, ukurasa wa nne, nilimzika Imali
kwa jina la Kavugwi. Hakuna aliyeona
isipokuwa mjane.

Katikati yao amelala mtu aliye hai.
VUGUTSA_MWISHO. VUGUTSA_MWISHO_2.
Hadi VUGUTSA_MWISHO_KABISA_7.
Mkunga mstaafu; alilipa mapema,
na kila Desemba huja kurekebisha wasifu wake:
ongeza mjukuu, ondoa "mpole",
yule mume aliyehamia Kitale mwandike "mkulima", inatosha.
Mwaka jana aliziangalia nukta za tarehe iliyo wazi,
akaniambia, "Hapo usinisukume."

Nampigia. Saa tatu usiku.
"Mama, nahamisha mashine. Nibaki na toleo lipi?"
Kimya. Sufuria inafunikwa.
"Yote saba. La tatu hasa.
Hilo usilichapishe. Usilifute."

Yote saba hayafiki baiti za picha moja ya keki.
Aliyekula nafasi nimempata saa nne:
folda ya kijana wangu iitwayo HESABU,
gigabaiti kumi na nane za sinema za kupigana.
Nafuta Hesabu yote, bila kumpigia mtu.

Nachomoa waya wa printa, kama nilivyoagizwa;
huenda mfumo mpya usiijue tena,
nayo imewasindikiza watu wengi kuliko mchungaji.
Stima inakonyeza mara moja, inatulia.
Mstari wa kijani unaanza kutambaa.
Asilimia tatu.

Nafunga ile nusu ya mlango.
La tatu sijalifungua.
Lakini limekwisha kuvuka; nimeliona likivuka.