Saa Ambayo Sijaigusa

Usingizi umenitoa nje usiku wa manane
kama mpangaji aliyeshindwa kodi.
Dirishani hakuna kitu. Wanasema mlima uko upande huu.
Jogoo mmoja, wa Rau au wa Majengo, sijui,
anawika kwa kubahatisha, kama mimi,
kama naye kashuka jana.

Mwili una zamu yake Nagoya:
unataka glovu, unataka spana namba kumi,
unataka kunyofoa redio, taa, kioo cha pembeni
kwenye gari lililokwisha safari.
Mwili haujaambiwa kwamba nimeacha kazi.

Nashuka uani. Mlinzi kajiviringisha blanketi,
redio kailaza kifuani kama mtoto mwenye homa.
"Saa ngapi, kaka?"
"Nane," anasema Elinami, bila kutazama popote.
Natazama mkononi. Mshale mfupi uko kwenye nane.
"Hii ni ya kule," namwambia, "sijaibadili bado."
"Sasa uibadili ili isome nini?"

Nacheka. Halafu sicheki.

Miaka kumi na mmoja,
kabla ya kumpigia mama Wete, nilihesabu kwa vidole:
toa sita, kisha toa sita tena,
mimi niko kazini, yeye hajaamka, ngoja, ngoja kidogo.
Vidole vyenye grisi, namba zikiteleza.
Na muda wote huo mkono huuhuu
ulikuwa unanong'ona saa ya jikoni kwake,
tarakimu kwa tarakimu,
nami naisoma kwa lugha ya karakana.

Kumekucha kwa ukungu. Mnara wa saa unaonyesha saba,
wapita njia wanausoma moja,
kifundo changu kinasema moja, hakihitaji mkalimani.
Sina wa kumsimulia. Wakwe wa Kibosho wananingoja kesho;
niliwadanganya siku
ili niuone mji kabla mji haujaniuliza
wewe wa kwa nani.

Mbuyuni kirikuu cha kijani kinashusha ndizi.
Ubavuni yamebaki maandishi ya kwao.
Nayasoma kwa sauti, midomo imenitangulia:
Tofu ya Yamane, mpya kila alfajiri.
Dereva anageuka na mkungu begani.
"Kumbe yanasomeka! Mimi nilijua urembo."
Anataka maana. "Tofu ndiyo mdudu gani?"
"Maharage," nasema, "yaliyogandishwa yakawa kama jibini."
Anautua mkungu, anafikiri.
"Basi hatuyafuti. Jumanne huwa nabeba maharage."

Kioo chake cha kushoto kimefungwa kwa waya.
Nimewahi kushika vioo kama hicho elfu ngapi,
nikavifunga kwenye magazeti, nikaandika kwenye boksi
jina la bandari, sikuandika la mtu.

Saa tisa, kwenye benchi la Mama Ndeanka,
usiku wa Nagoya unanipanda kutoka nyayoni
kama maji yanavyopanda kwenye godoro.
Kijiko cha mtori kiko hewani.
Mtu anasema pole. Mtu anasema huyu amelewa.
Mama Ndeanka anasema, nasikia kwa mbali sana,
"Huyu hajalewa. Huyu hajafika."

Naota natafuta bolti chini ya gari la Yamane
na bolti ni punje ya mahindi.

Nikiamka, begi langu liko miguuni mwake,
kamba yake kaikanyaga kwa kandambili.
Bakuli limefunikwa sahani.
Watu wametoka nje, shingo juu, wanasema umetoka, umetoka,
nami nimekaa nimeupa mlima mgongo,
shavu lina alama za ubao.

"Saa ngapi?" namuuliza,
na kabla hajajibu naifunika saa kwa kiganja,
nataka niisikie kinywani mwa mtu.

"Kumi na mbili," anasema,
anaondoa sahani.
"Na robo. Kula."