Neno Lisilo na Wingi

Jumanne, darasa la sita, chini ya jiwe la Tororo,
vumbi la saruji limetanda juu ya madaftari,
nikauliza: lile neno la Kiingereza,
linalotajwa redioni kila habari za saa mbili,
korapsheni, sisi twaliitaje?

Apolot akasimama: Ufisadi, mwalimu.
Ngeli?
Ya U. Hauna wingi.
(Alisema kweli kuliko alivyojua.)
Etyang: Rushwa. I na ZI.
Moja ni rushwa, elfu ni rushwa, sura ile ile.
Nyuma kabisa mtu akanong'ona: Chai!
Wakacheka. Nami nikacheka, nikafuta ubao.

Nyafwono hakucheka.
Akasema: Wodini wanaiita glovu.
Mama aliambiwa alete glovu, akaleta,
akaambiwa si hizo.
Akaketi,
akaendelea kuchonga penseli iliyokwisha kuchongeka.

Mchana nikaenda afisi ya ardhi
kuulizia hati ya kiwanja cha marehemu baba.
Kijana akagonga kompyuta kwa kidole kimoja:
Faili lako limekorapti, mwalimu.
Limeoza?
Limeharibika. Laweza kupona, lakini...
akatazama dirishani kama mtu angojaye mvua.
Mle ndani mlinuka wino
na ndizi zilizoiva zikapitiliza.
Nikawaza: Waingereza hapa hawakukosea,
neno moja kwa faili, kwa ndizi, na kwa huyu.

Nilikuwa na elfu ishirini, ya sabuni na mafuta ya taa.
Faili likapona kabla noti haijakunjwa.

Usiku nikasahihisha. Tunga sentensi.
Watoto arobaini na wawili:
Fisadi ni mbaya. Fisadi alikamatwa. Fisadi ana tumbo.
Nafsi ya tatu, wote.

Nikamkumbuka jogoo wa mama yake Etyang,
mwekundu, miguu imefungwa kwa ganda la mgomba,
mwaka juzi, shule iliposemekana imejaa.
Hilo hatukulipa jina.
Tulisema asante, na mke wangu akaweka vitunguu.

Nikashika kalamu nyekundu,
pembeni mwa daftari la Etyang nikaandika:
Rudia. Nafsi ya kwanza.
Kisha nikakata, maana mtoto ana kosa gani?
Nikavuta karatasi yangu mwenyewe.
Mimi,
nikaandika,
na kalamu ikakauka hapo,
au nilisema imekauka.